Mlio wa Lokwang

Watu wa Nairobi wakianza kunieleza habari za vipindi vya kusikiliza kwenye simu, vilianza lini na nani alikuwa wa kwanza, mimi huwaacha waseme mpaka wachoke. Kisha nawaambia kwamba mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili mimi na Monique tulikuwa na kipindi chetu Lodwar na Kakuma, na hakuna aliyetupa masafa, wala leseni, wala mtambo. Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyopoteza herufi ya K, kinasa sauti kimoja, na kadi za memori. Siku hizi wanaita podikasti. Sisi tulikiita Tumesikia, na kilisikilizwa kutoka Lokitaung mpaka Kainuk. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Asiyependa kusikia mtu akijisifu aachie hapa.

Monique alitoka Uvira akiwa msichana wa miaka kumi na minne, akakulia kambini Kakuma. Mimi ni Nakeno, wa Lopur kwa kuzaliwa na wa Lodwar kwa kusoma. Tulikutana kwenye mafunzo ya habari ya vijana, miezi mitatu, mwalimu akitufundisha kusoma kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbegu. Siku ya mwisho tulipewa vyeti na soda. Monique akanivuta pembeni.

"Nakeno, hizi habari biko bizuri," aliniambia, "lakini hakuna pilipili. Batu batalala."

Ndiyo tukaanza kutia pilipili. Hilo ndilo jina tuliloziita zile sauti fupi za kuchekesha unazozipachika katikati ya maneno ya mtu. Wengine hufikiri ni kazi ya mchezo. Wanachukua kicheko cha Wazungu kilichonaswa huko wanakojua wao, wanakimwaga kila baada ya sentensi, halafu wanashangaa hakuna anayecheka. Sisi tulikataa kabisa kicheko cha kuazima. Kila sauti yetu ilitoka hapa. Tulikuwa na mpini wa pampu ya maji wa kambini uliolia kama unaonewa. Tulikuwa na pikipiki ya Lodwar iliyogoma kuwaka, mara tatu, nne, halafu kimya. Tulikuwa na kicheko cha Wekesa, fundi wa simu aliyetunakilia kadi dukani kwake Lodwar, mtu aliyeanza kucheka kabla hujamaliza kusema na ambaye kicheko chake kilitanguliwa na kikohozi. Tulikuwa na Bi Hodan, muuza nguo wa kambini, akiambiwa bei ya mchele: "Ati ngapi?"

Kuichagua sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua pa kuiweka. Ukiiwahisha, unaonekana unamchekea mtu kabla hajakosea. Ukiichelewesha, imekuwa maelezo, na kichekesho kikishahitaji maelezo kimekufa. Lazima iingie pale msikilizaji anapotaka kuvuta pumzi, asimalize kuivuta. Monique alikuwa na sikio la hilo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa akifumba macho, anainua kidole, anakishusha, na pale kilipoangukia ndipo nilipokata.

Tulikuwa na masharti pia. Hatukumwekea pilipili mtu asiyeweza kujibu. Kuna mzee aliyelivuruga jina la shirika moja mpaka likawa tusi, tukacheka wenyewe hadi machozi, kisha Monique akalifuta. "Huyu ni mugonjwa wa njaa, hatuko tunamucheka," alisema, na hapo mjadala ukaisha. Na sauti ya mtu tuliiomba. Bi Hodan tulimwendea mara tatu kwa ajili ya maneno yake mawili. Alikubali kwa sharti kwamba yasipigwe mwezi wa Ramadhani, nasi hatukuyapiga.

Kipindi kilitoka kila wiki mbili. Nilikwenda Kakuma, tukarekodi, nikarudi Lodwar na kadi soksini, Wekesa akazinakili, na kutoka hapo vijana wakatumiana kwa simu bila kutuuliza. Mwishoni mwa mwezi wa saba nilipita sokoni Lodwar nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye vibanda vitatu kwa mpigo. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji ili nipate sababu ya kusimama pale.

Mwezi wa nane nilikwenda Lopur kumwona baba.

Baba yangu ni Ekal, lakini hakuna mwanamume wa rika lake anayemwita hivyo. Wanamwita Apalokwang, baba yake Lokwang, na Lokwang si ndugu yangu. Ni maksai. Ni mweupe pe, pembe moja imeinuliwa juu na nyingine imepindishwa mbele, na baba ndiye aliyezipinda kwa mikono yake tangu dume huyo akiwa ndama. Kwetu mwanamume huchagua dume wake mmoja ujanani, akamlea, akamvika kengele, akachukua jina lake. Ukimsifu dume umemsifu mwenyewe. Ukimtukana dume, heri ungemtukana mwenyewe, maana yeye angalau anaweza kukujibu.

Haya yote niliyajua. Nayasema ili mtu asinitetee kwamba nilikuwa mgeni. Lakini nilipelekwa Lodwar kwa shangazi nikiwa na miaka saba ili nisome, na mambo mengine niliyajua kama mtu anavyojua majina ya mito kutoka kwenye ramani.

Asubuhi ya pili mifugo ilipelekwa kunywa. Lopur maji yako chini ya mchanga wa laga, mto mkavu; mnachimba, mnashuka, mnapokezana karai kutoka mkono hadi mkono mpaka lifike juu. Lokwang alisimama ukingoni akaona ng'ombe wa jirani wametangulizwa. Akalia. Ule mlio ulianza chini kabisa, ukapanda kwa madaha, halafu ghafla ukakwama, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulitarajia. Kisha ukaendelea, mrefu, wa kumwita Mungu. Lakini mimi nilishasikia pale ulipokwama. Kinasa sauti kilikuwa tayari mkononi.

Jioni ile, baba akiwa amekaa kwenye kigoda chake, aliniuliza kazi yangu ni ipi hasa.

"Natengeneza kipindi, Apa. Watu wanasikiliza."

"Wanasikiliza nini?"

"Habari. Na vichekesho."

Alifikiri kidogo. "Mimi jioni nikirudi nahesabu wanyama, najua siku ilikwendaje. Wewe unahesabu nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kaka zangu wawili walikuwa na mifugo, na baba alipokaa na wenzake aliwazungumzia bila kuulizwa. Mimi nilipoulizwa habari zangu, alisema, "Yuko Lodwar." Nilikuwa na miaka ishirini na minne, vijana wa wilaya nzima waliijua sauti yangu, na kitu pekee nilichokitaka ni mzee huyu ajivunie mimi mbele ya wazee wenzake. Niliondoka kesho yake bila kumwambia kwamba nimemchukua Lokwang kwenye kifaa changu. Wala sikufikiri kwamba kuna la kusema.

Kakuma, nilimpigia Monique ule mlio. Alivua vipokea sauti vya masikioni, akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Nakeno. Hii ng'ombe inajua."

"Inajua nini?"

"Inajua mutu akidanganya."

Tuliukata sekunde moja na nusu, kutoka pale unapoanza kupanda mpaka pale unapokwama. Tukauweka akiba. Pilipili nzuri haitupwi kwenye mboga yoyote.

Mboga ilikuja mwezi wa kumi. Ulikuwa msimu wa kampeni, kaunti zilikuwa mpya, vyeo vilikuwa vipya, na kila mtu mwenye picha kwenye karatasi alishakuwa mheshimiwa. Mmoja wao alikuwa Epuyo, mkandarasi aliyetaka kuwa mwakilishi wa wadi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri, alisalimia watu kwa majina, na viatu vyake vilikuwa safi katika mji ambao viatu havikai safi. Katika mkutano wake Kakuma alisimama juu ya gari akasema, nami nikamnasa: "Kabla ya Krismasi watu wa Lopur watakunywa maji ya bomba! Mashine ya kuchimba kisima iko njiani saa hii nikiongea!"

Monique alifumba macho. Kidole kikashuka. Nikampachika Lokwang.

Sijawahi kufanya kitu kikapokewa hivyo. Ndani ya wiki moja ule mlio ulikuwa mlio wa simu za vijana Lodwar. Kijana mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Siste, hiyo ng'ombe ni noma," nikaenda nyumbani nikitembea kama mke wa chifu. Tulimtumia Lokwang kwa uangalifu, mara saba tu mpaka mwaka mpya, na kila mara kwa ahadi au dai tulilolihakiki kwanza. Lakini watu hawakutusubiri. Katika mikutano ya kampeni, mgombea akizidisha chumvi, nyuma huko mtu mmoja alilia kama Lokwang, kisha kumi, kisha uwanja mzima. Krismasi ilipita, mashine haikuonekana Lopur, na Epuyo akawa hawezi kutaja neno "maji" bila kuliliwa.

Mwingine angetutisha. Epuyo alikuwa Mturkana na alikuwa na akili. Alijiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: huyu ng'ombe ni wa nani?

Jumamosi moja ya Januari tulikuwa tukirekodi mbele ya watu, katika ukumbi wa mabati karibu na soko la Kakuma. Wakimbizi walikuwepo, Waturkana walikuwepo, wazee walikaa nyuma na vigoda vyao. Tulikuwa katikati ya habari za bei ya kuni gari liliposimama nje. Epuyo aliingia kwanza. Nyuma yake, na fimbo yake, na unyoya wake wa mbuni kichwani, aliingia baba yangu.

"Wananchi, ejok!" Epuyo alisema. "Mimi sina vita na hawa wasichana. Wanafanya kazi mzuri. Lakini hii ng'ombe wanachezesha kila siku iko na mwenyewe. Nimewaletea yeye. Akisema iendelee, iendelee. Akisema ifutwe, ifutwe. Si hiyo ni haki?"

Watu wakasema ni haki. Hata mimi ningesema.

"Ni nani huyu muzee?" Monique aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba yangu."

"Na ng'ombe?"

"Ni yake. Ndiyo jina lake."

Alinitazama. "Na weye hukumuomba?"

Monique aliweka mikono kichwani. Huyu ndiye aliyenipeleka kwa Bi Hodan mara tatu. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana, alivuta kiti akakaa karibu nami.

Nilielewa upesi sana wakati ule nilichokifanya. Nilikuwa nimelifanya jina la baba yangu kichekesho cha vibanda vya simu. Watoto wasiojua hata Lopur iko upande gani walimwigiza kwa mzaha. Kama angetamka mbele ya wazee wale kwamba binti yake amemdharau, kipindi kingekufa siku hiyo, na kipindi ningekizika nikaendelea kuishi. Lakini yeye nisingempata tena.

Baba alichagua mahali, akaweka kigoda chake mbele ya meza yetu, akakaa. Hakunisalimu. Tuliongea kwa Kiturkana, na kijana mmoja akawafasiria wageni.

"Nimeambiwa umemfanya Lokwang mchekeshaji."

"Ndiyo, Apa."

"Nimeambiwa analizwa hata Lodwar, na watu wasiomjua."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniomba?"

Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni. Ningesema kifaa kilijiwasha chenyewe, naye asingejua. Lakini mezani mbele yangu kompyuta ilikuwa wazi, na kitufe cha Lokwang kilikuwa chini ya kidole changu, na niliona aibu.

"Nilidhani sauti ya mnyama haina mwenyewe," nilisema.

Wazee nyuma wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Ndiyo shule hiyo." Sikuwahi kuona haya namna ile, na mimi si mtu wa kuona haya.

"Nataka kusikia," baba alisema.

"Kipi, Apa?"

"Vyote alivyosema ng'ombe wangu."

Nikampigia cha kwanza. Sauti ya Epuyo ikajaa ukumbini, mashine iko njiani saa hii nikiongea, na Lokwang akalia. Hakuna aliyecheka. Mwenye ng'ombe alikuwa amekaa pale.

"Mbona anaishia hapo? Amekabwa?"

"Nilimkata, Apa. Ikiwa ndefu haichekeshi."

"Umemkata Lokwang."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. "Kingine."

Nikapiga cha pili, cha mtu aliyeahidi taa kila nyumba. Baba akauliza, "Huyu alisema nini?" Nikamweleza. "Alifanya?" Hakufanya, nilisema. "Kingine." Cha tatu alikuwa yule aliyedai alilala Lokitaung siku tatu akiwagawia wenye njaa chakula, na tuliuliza Lokitaung, na hakuna aliyemwona. "Alilala huko?" Hakulala. Mzee mmoja nyuma alicheka puani, akajifanya anakohoa. Cha nne. Cha tano. Kila mara maswali yale yale mawili, na kila mara jibu langu lile lile, mpaka ilipofika cha sita ukumbi ulikuwa ukijibu pamoja nami: hakufanya! Cha saba kilikuwa cha Epuyo tena, baada ya Krismasi, akisema kisima kimechelewa kidogo tu.

Baba alichora mchangani kwa ncha ya fimbo, akafuta kwa mguu.

"Kosa ni la binti yangu," alisema. "Amechukua kitu cha mtu bila kuomba, na mtu mwenyewe ni baba yake. Nakeno, utakuja Lopur. Siku tatu utashuka kisimani umchotee Lokwang maji kwa mikono yako, yeye na si mwingine, na utamwambia ulichokifanya. Kumwomba mimi hakutoshi."

"Nitakuja, Apa. Nimekosa."

Niliyasema kwa moyo wote. Kina cha kisima kile ni watu watano wakisimama mmoja juu ya bega la mwingine, na mikono yangu ilikuwa ya kompyuta, lakini angesema mwezi mzima ningekubali.

Epuyo alitabasamu akapiga hatua mbele. "Asante sana, mzee. Umesema vizuri. Sasa mwambie aifute, twende."

"Bado sijamaliza," baba alisema. Akageuka na kigoda chake mpaka akamwelekea. "Wewe ulikuja nyumbani kwangu ukaniambia ng'ombe wangu anadhalilishwa. Nikapanda gari lako. Nimemsikiliza mara saba. Nimetafuta alipokosea, sijapaona. Nisaidie. Mimi natoka Lopur leo asubuhi. Kisima kiko wapi?"

Juu yetu mabati yalilia yakinyooka kwa joto.

Nitasema kweli, nilimhurumia Epuyo. Angeweza kusema hakuna. Neno moja tu, na nadhani wazee wangempa maji ya kunywa na kumsamehe. Lakini alikuwa mbele ya watu, na wiki sita tu zilibaki kupiga kura, na ulimi ukaenda njia uliyoizoea.

"Mzee wangu, mashine iko. Iko Kainuk. Imesimamishwa tu hapo kwa kizuizi, ni mambo ya karatasi kidogo. Wiki ijayo utaiona kwa macho yako."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Watu wote walikitazama kidole changu. Monique alikuwa amefumba macho, na naapa mkono wake ulishaanza kushuka. Sikubonyeza. Lokwang hakuwa wangu tena wa kumlizia watu.

Baba ndiye aliyesimama. Aliweka fimbo chini. Aliinua mikono yote miwili, mmoja juu, mwingine umepindwa mbele, sawasawa na pembe za dume wake, akafungua kifua, akalia. Alianza chini, akapanda kwa madaha, akakwama pale pale Lokwang anapokwama, na hakuishia hapo. Aliendelea, mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, mzee wa miaka sitini na ushee, na kila aliyekuwa na sikio ukumbini aliujua ule mlio kwa mara ya kwanza wote, tangu kichwa hadi mkia.

Kisha ukumbi ulipasuka. Wakimbizi kwa wenyeji waliruka juu. Bi Hodan alipiga meza kwa kiganja. Wazee nyuma walilia kila mmoja mlio wa dume wake, na wengine madume wao walishakufa zamani. Epuyo alisimama dakika nzima katikati ya zizi lile, kisha, na kwa hili namheshimu, alikwenda akawapa wazee mkono mmoja mmoja, na kwa baba pia, akatoka taratibu. Gari liliwashwa. Baba hakulitazama, ijapokuwa ndilo lililomleta.

Mikono yake ilikuwa bado juu. Na kwetu mwanamume akishaiinua namna hiyo hawezi kuishusha hivi hivi, lazima aimbe. Kila mwenye dume ana wimbo wake, ameutunga mwenyewe, na huuongezea maneno pale tu anapopata jambo la kujivunia. Wa baba naujua tangu nimebebwa mgongoni. Una ukame aliouvuka, una ng'ombe aliowalipa kwa mama, una kaka zangu wawili kwa majina, na unaishia hapo. Umeishia hapo miaka kumi na mitano.

Wazee walimpokea kwa makofi na kuitikia. Alipita ukame. Alipita mahari. Alipita kaka zangu, na wazee wakavuta pumzi ya kumalizia, lakini yeye hakumaliza. Aliruka juu mara moja, miguu ikatua pamoja, na akaingia kwenye maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba Lokwang mweupe alilia ukingoni mwa laga. Kwamba yuko aliyembeba bila kamba akampeleka Lodwar, akampitisha Lokitaung, akamfikisha Kainuk bila kumpoteza njiani. Kwamba wakubwa sasa wakimwona wanashusha macho. Aliyembeba alimtaja kwa jina, na jina la baba yake, mara mbili, na wazee wakaliitikia.

Monique alinivuta mkono. Haelewi Kiturkana hata leo.

"Anasema nini? Nakeno, unalia nini? Muzee anasema nini?"

"Jina langu," nilimwambia.